Nyumba ya miti na udongo iliyopita miaka 500



Juma hili tuache kidogo bei ya makala na mitihani ya watoto, twende mbali, Uingereza, katika kijiji kinachoitwa Shottery. Kiko karibu sana na mji wa Stratford-upon-Avon. Mtu anafika kwa miguu kabla ya nusu saa. Pale kuna nyumba ambayo pengine umekwisha kuiona bila kujua jina lake, kwenye kalenda ya zamani au kwenye kifuniko cha kopo la biskuti. Paa lake ni la majani mazito, limeshuka na kuzunguka madirisha ya juu kama kitambaa kilichofungwa kichwani. Kuta ni nyeupe, na kati ya weupe huo unaona mbao nyeusi zikipita wima na kulala. Mbele kuna maua. Waingereza huita nyumba ya shambani ya namna hii koteji, na hii wanaiita koteji ya Anne Hathaway. Anne ndiye aliyeolewa na William Shakespeare, mwandishi wa michezo ya kuigiza ambaye watoto wetu wanakutana na jina lake shuleni.

Nikiwauliza wanafunzi wangu nyumba ya Mzungu imejengwa kwa nini, wanajibu pamoja: matofali, simenti na mabati. Nikiwaambia kwamba hii imejengwa kwa miti, fito, udongo na mavi ya ng'ombe, wanacheka, wanafikiri mwalimu anawadanganya. Lakini ndivyo ilivyo. Na sehemu yake ya kale kabisa ilisimamishwa karibu na mwaka wa 1463. Mwaka huo Wareno walikuwa bado hawajaona mdomo wa mto wetu Kongo. Diogo Cão alifika huko karibu miaka 20 baadaye.

Tuangalie kwanza mifupa ya nyumba. Fundi wa wakati ule alikwenda msituni kutafuta mwaloni, ule mti mnaousoma katika Biblia. Hakutafuta ulionyooka. Alitaka uliojipinda wenyewe. Aliupasua katikati kwa urefu, akapata mbao mbili pacha zenye kupinda sawasawa. Akazisimamisha zikitazamana, vichwa vikikutana juu kama viganja vya mtu anayesali. Jozi moja hapa, jozi nyingine mbele kidogo, na kati yao mihimili ya kuzishika. Uzito wote wa paa unashuka kwa pacha hizo mpaka chini. Ukuta haubebi kitu, unaziba upepo tu. Kwa hiyo ukuta wa udongo ukipasuka au ukianguka kipande, nyumba haiangukii watu. Unaziba pale pale na maisha yanaendelea.

Misumari hawakutumia katika viungo hivyo. Mwaloni walifanya nao kazi ungali mbichi, maana ukikauka unakuwa mgumu mno. Kipande kiliingizwa ndani ya kingine, pakatobolewa tundu, kijiti cha mwaloni kikapigiliwa. Miaka ilipopita mti ukakauka, ukajivuta, viungo vikazidi kubana. Ndiyo sababu nyumba hizi zimepindapinda hivi, sakafu inapanda na kushuka kama mtumbwi ziwani, lakini haziachiani. Mafundi walikata na kuunganisha kila kitu kwanza chini, wakachora kwa patasi alama za hesabu za Kirumi kwenye kila kiungo, kisha wakabomoa na kujenga tena mahali penyewe. Katika nyumba nyingi za zamani alama hizo zinaonekana hadi leo.

Ukuta nao mtautambua mara moja. Chini kabisa ni mawe, ili mti usikae juu ya ardhi yenye maji. Kati ya nguzo wakaweka vijiti, wakasuka fito laini kama anayesuka kikapu, kisha wakakandika udongo kutoka pande mbili. Udongo huo ulichanganywa na majani makavu, manyoya ya wanyama na mavi ya ng'ombe, ukakanyagwa kwa miguu mpaka ukashikana. Mwishoni chokaa. Chokaa inaacha ukuta upumue: maji yakiingia yanapata njia ya kutoka. Karne iliyopita Waingereza wengi waliona aibu kwa kuta hizo, wakapaka simenti juu ili zionekane za kisasa. Simenti ikafungia maji ndani, na mti ukaoza pole pole bila mtu kuona. Siku hizi wanalipa mafundi waibandue simenti na kurudisha chokaa. Mama mwenye nyumba ya miti na udongo anayekusanya pesa za kununua mfuko wa simenti kwa ajili ya ukuta, heri aliulizie jambo hilo kwanza.

Sasa tuingie ndani, na hapa nataka tukae, kwa sababu hapa ndipo mambo ya wamama yalipo.

Nyumba ya kwanza ilikuwa na vyumba vichache tu. Katikati palikuwa chumba kikubwa kilicho wazi mpaka chini ya paa, bila dari wala ghorofa. Katika nyumba za wakati ule moto uliwaka chini, katikati ya sakafu ya udongo. Bomba la moshi halikuwapo. Moshi ulipanda, ukazunguka chini ya majani, ukatokea palipo na nafasi. Madirisha hayakuwa na vioo, kwa sababu kioo kilikuwa mali ya matajiri. Yalikuwa matundu yenye vijiti vya mbao na kifuniko cha kufunga usiku. Fikirieni nyumba hiyo katika mwezi wa kwanza, theluji nje. Ukifungua dirisha unapata baridi, ukifunga unapata moshi. Mtoto mchanga yuko wapi? Yuko pale pale karibu na moto, pamoja na mama yake anayegeuza chungu.

Watu walizoea, wakatafuta hata sababu ya kuusifu moshi. Padri mmoja wa Essex, William Harrison, alitoa kitabu mwaka wa 1577 juu ya maisha ya Uingereza. Aliandika kwamba wazee wa zamani waliamini moshi unakausha mbao za nyumba, tena ni dawa ya kulinda watu wa nyumbani na mafua. Sehemu ya kwanza si uongo: katika nyumba nyingine za kusini magharibi mwa Uingereza bado kuna majani ya chini ya paa yaliyopakwa masizi tangu wakati huo. Sehemu ya pili ndiyo ya kusikitisha. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linahesabu kwamba moshi wa kupikia ndani ya nyumba bado unaua watu karibu milioni 3 duniani kila mwaka, na kati yao wamo watoto wengi ambao hawajafika miaka mitano.

Padri huyo huyo anasimulia kwamba wazee wa kijiji chake walistaajabia mambo matatu yaliyobadilika katika maisha yao. La kwanza ni wingi wa mabomba ya moshi. La pili ni vitanda: utotoni walilala juu ya majani makavu, kichwa juu ya gogo zuri la mti, na mto wa kichwani walidhani ni kitu cha mwanamke aliyetoka kuzaa. La tatu ni vyombo vya mbao kubadilishwa kwa vyombo vya madini. Nilipolisoma hilo la mto wa kichwani nilirudia mara mbili. Nyumba nzima ilikuwa na kitu kimoja laini, na mtu aliyeruhusiwa kukilalia ni mzazi, kwa siku chache, kisha anarudi kwenye gogo kama wengine.

Nyumba ya Shottery ilibadilika kwa njia hiyo hiyo. Wenye nyumba walijenga ndani yake meko ya mawe na bomba kubwa la kutoa moshi juu ya paa. Mkitazama kazi hiyo haraka mnaweza kusema ni bomba tu. Lakini moshi ulipopata njia yake, ile nafasi yote ya juu iliyokuwa jaa la moshi ikawa mahali pa kukaa watu. Wakaweka sakafu ya mbao juu, wakapata vyumba vya kulala. Wazazi wakapata mlango wa kufunga. Kando ya meko jikoni wakajenga tanuru ya mkate, iko mpaka leo. Baadaye wakaongeza upande mwingine ulio juu kidogo, maana nyumba iko kwenye mteremko. Leo ina vyumba 12. Kwa hiyo kuiita nyumba ndogo ni kuionea kidogo.

Wenyewe Anne na ndugu zake hawakuiita koteji. Iliitwa shamba la Hewlands. Babu yake Anne, John Hathaway, alikuwa mfugaji wa kondoo, naye aliishi pale kama mpangaji, ardhi ikiwa ya mwingine. Koteji ilikuwa neno la nyumba za maskini kabisa, wenye chumba kimoja au viwili na bustani ya kabichi. Mwaka wa 1589 bunge la Uingereza lilitunga sheria kwamba mtu asijenge koteji mpya bila kuipa ekari 4 za ardhi, karibu hekta moja na nusu, na familia moja tu ikae ndani. Ukiisikia unaweza kufikiri ilitungwa kwa huruma. Mimi naona wakubwa wa vijiji waliogopa pia kujaziwa maskini ambao wangelazimika kuwalisha. Nyumba za maskini hao wa karne ya 16, karibu zote zimekwisha kuanguka. Zilizosimama, zile tunazoziona kwenye kalenda, nyingi zilikuwa za wakulima wenye mali kidogo, waliokuwa na uwezo wa kubadilisha paa kabla halijavuja. Udongo ulikuwa ule ule. Kilichotofautiana ni mfuko.

Baba yake Anne, Richard Hathaway, alifariki mwaka wa 1581. Katika wosia wake binti huyu anaandikwa Agnes, majina hayo mawili wakati ule yalichukuliwa kama jina moja. Alimwachia pauni 6, shilingi 13 na peni 4, za kulipwa siku ya arusi yake. Anne alikuwa mtoto wa mke wa kwanza. Mke wa pili, Joan, ndiye aliyebaki ndani ya nyumba na watoto wadogo. Richard alifikiria mambo yake pia: aliandika kwamba vitanda viwili vya chumba cha ndani visiondolewe muda Joan angali hai au angali mjane. Mtu anaweza kushangaa vitanda vinatajwa kwenye wosia. Kitanda kilikuwa kati ya vitu vya bei kubwa kuliko vyote nyumbani, na mjane aliyenyang'anywa kitanda alikuwa amekwisha kuonyeshwa mlango. Joan aliliendesha shamba karibu miaka 18, mpaka kufa kwake mwaka wa 1599. Watalii hawasikii jina lake sana. Wanakwenda kwa ajili ya Shakespeare, ambaye pale alikuwa mgeni tu.

Mgeni huyo alikuwa na miaka 18 alipomwoa Anne, mwezi wa 11 mwaka wa 1582, naye Anne alikuwa na 26, tena mjamzito. Mtoto wao Susanna alibatizwa mwezi wa 5 mwaka uliofuata. Hesabu ya miezi nawaachia ninyi. Mambo yalitaka haraka, na haraka ilitaka ruhusa ya askofu wa Worcester. Wakulima wawili wa Shottery waliosimama na Richard katika wosia wake walijitoa kuwa wadhamini kwa pauni 40, yaani mara sita ya zile pesa za arusi alizoachiwa binti. Kama ndoa ingepatikana na kasoro, wangelipa. Nawapenda wazee hao wawili kuliko watu wote wa habari hii. Baba ya msichana amekufa, tumbo linaonekana, na majirani hawakukaa barazani kusema. Waliweka mali yao.

Anne akaondoka kwenda mjini Stratford. Alizaa mapacha mwaka wa 1585, akamzika mmoja, Hamnet, mwaka wa 1596, mtoto akiwa na miaka 11. Mume alikuwa London muda mwingi. Alipokufa mwaka wa 1616 alimwachia mkewe katika wosia kitanda chake cha pili kwa ubora, na wasomi wanagombania kitanda hicho mpaka leo: wengine wanasema ni dharau, wengine wanasema kitanda bora kilikuwa cha wageni na hiki cha pili ndicho cha wenyewe wawili. Anne alifariki mwaka wa 1623.

Kule Shottery, kaka yake Bartholomew alifanya kitu ambacho babu na baba hawakukifanya. Mwaka wa 1610 aliinunua ardhi na nyumba, ikawa yao kwa karatasi. Mwaka wa 1697 mwingine wa ukoo, John, alitengeneza bomba la moshi, akachonga herufi za jina lake na mwaka juu ya jiwe. Katika karne ya 18 wanaume wa jina la Hathaway wakaisha, nyumba ikapita kwa watoto wa upande wa dada. Kwa karatasi ya mwanamke ilidumu. Kisha, kabla ya mwaka wa 1850, pesa zikakosekana na ukoo ukaiuza. Hawakuhama. Walibaki ndani kama wapangaji, pale pale ambapo John wa kwanza alianzia.

Na hapo anatokea Mary Baker. Alikuwa mjukuu wa ukoo huo kwa upande wa wanawake, mama mwenye kofia nyeupe, aliyekaa katika nyumba ambayo haikuwa tena mali yake. Wageni walianza kubisha hodi: tangu mwaka wa 1795, Samuel Ireland alipochapa picha ya nyumba hiyo katika kitabu, watu walitaka kuiona. Ireland mwenyewe alinunua kiti kutoka pale akaenda nacho. Mary Baker aliwafungulia wageni mlango, akawaonyesha benchi la kando ya meko ambapo, kwa masimulizi ya nyumbani, Shakespeare alikaa na Anne, na Biblia ya ukoo yenye majina ya waliozaliwa. Mwaka wa 1892 shirika linalolinda nyumba za Shakespeare likainunua nyumba kwa pauni 3,000. Halikumtoa mama huyo. Lilimwajiri awe mlinzi na mwonyeshaji, na alifanya kazi hiyo mpaka kufa kwake mwaka wa 1899. Nafikiri kama angeondolewa, wangebaki na mbao na udongo, bila mtu wa kusema kiti hiki alikalia nani. Lakini pauni hizo 3,000 hazikuingia mkononi mwake. Wamama wenye kukaa kwenye kiwanja cha ukoo wanajua naongelea nini. Jina liko kwenye kitabu cha mizazi, na karatasi iko kwa mtu mwingine.

Yale maua ya mbele, kwa njia, si ya wakati wa Anne. Bustani hiyo ilipangwa katika miaka ya 1920 na Ellen Willmott, mwanamke mtaalamu wa mimea. Mbele ya mlango wa Joan palikuwa uwanja wa shamba wenye matope, samadi, kuku na kondoo.

Mwaka wa 1969 moto uliunguza vibaya upande mmoja wa nyumba. Mafundi waliirudisha kwa mwaloni na udongo na majani, kama ilivyokuwa. Paa la majani lenyewe halingojei moto ili kulizwa. Mgongo wake wa juu unabadilishwa kila baada ya miaka 10 au 15, na tabaka lote la juu kila baada ya miaka 20 au 30 likiwa la mabua ya ngano. Siku hizi mabua hayo ni shida kuyapata. Ngano ya kisasa ni fupi, ilifanywa fupi makusudi ili isianguke kwa mvua, na mashine kubwa za kuvunia zinayavunja mabua vipande vipande. Kwa hiyo wako wakulima wachache Uingereza wanaopanda mbegu za zamani zenye mabua marefu, wanazikata kwa mashine za kizamani zinazofunga miganda, wanaisimamisha miganda shambani ikauke. Nafaka wanauza kidogo. Wanachovunia hasa ni paa.